Asiyekosa Shabaha

Kila Jumapili, kabla ya masomo, usharika husimama na kuungama kwa pamoja. Neno linalobeba maungamo hayo ni moja: tumekosa. Wazee kwa watoto hulisema kwa sauti moja, na aliyechelewa hulidakia akiwa bado mlangoni. Katika usharika mmoja wa Bonde la Kilombero tuliouhudumia, si mbali na Ifakara, kulikuwa na mzee aliyekuwa halisemi. Aliimba nyimbo zote, alikariri Imani bila kitabu, na sadaka yake haikukosekana. Lakini maungamo yalipoanza alifunga midomo na kutazama sakafu mpaka tulipomaliza kutangaza ondoleo la dhambi.

Tulikaa miezi bila kumwuliza, maana mtu mzima hahojiwi kama mtoto wa kipaimara. Siku tuliyothubutu tulikuwa tumekaa naye chini ya mwembe wake. Tulikuwa tumekwisha kumwamkia, tumekunywa togwa na kuzungumza habari za mvua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi sikukosa, Mchungaji. Hapo ndipo tatizo langu lilipo."

Tulidhani tumempata Farisayo. Tulikuwa tayari kumsomea Luka 18. Kumbe mzee alikuwa anazungumza habari za bunduki.

Aliingia jeshini akiwa kijana, akalitumikia kwa zaidi ya miaka ishirini na kustaafu akiwa sajenti. Ametupa ruhusa ya kuandika haya mradi tusitaje jina lake wala kikosi chake. Utotoni alilinda mpunga wa babu yake dhidi ya ndege kwa kombeo, kama watoto wengi wa bonde hili, na huko jeshini wakubwa wake waligundua haraka kwamba jicho na mkono wake vinaelewana kuliko vya wenzake. Akawa mtu wa kupelekwa kwenye mashindano ya shabaha. Kikombe alichoshinda kilibaki kikosini, yeye akarudi na fulana. Mwishoni mwa 1978 alipelekwa Kagera, na mwaka uliofuata alivuka kuingia Uganda. Huko hakukuwa na karatasi zenye duara.

Hakututajia idadi, nasi hatukuuliza. Alitusimulia juu ya mtu mmoja tu, askari wa upande wa pili aliyekuwa akinawa uso asubuhi kwenye ndoo. Alimwona kupitia darubini ya bunduki, akaona hata maji yakichuruzika kidevuni. Alishusha pumzi, akatuliza bega, akabana kidole polepole kama alivyofundishwa. "Ilikuwa shabaha nzuri," alisema. "Nasema kweli, ilikuwa nzuri. Na pale, kabla ya kufyatua, nilikuwa na utulivu ambao sijawahi kuupata hata nikiomba."

Tulimjibu haraka, na haraka hiyo tunaijutia hadi leo. Tulimkumbusha kwamba vita vile hatukuvianza sisi: mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua na kupora hadi Mto Kagera, yakavunja daraja la Kyaka. Mwalimu alisimama mbele ya taifa akataja mambo matatu, sababu, uwezo na nia. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, Waganda wengi walishangilia barabarani. "Mzee wangu," tukamalizia, "wewe ulitii wito wa nchi yako. Huna kosa."

Alitushukuru kwa adabu, akatusindikiza hadi barabarani. Jumapili tatu zilizofuata hakuonekana kanisani.

Ilitubidi kurudi shule. Chuoni wanafunzi wa theolojia hufundishwa, kana kwamba ni ugunduzi mkubwa, kwamba neno la Kiebrania na neno la Kigiriki tunayoyatafsiri kuwa dhambi yana asili ya kutofika kwenye shabaha. Wazungu wamejaza kurasa nyingi juu ya jambo hilo. Mtoto wa Kiswahili hahitaji mhadhara. Anayetupa jiwe kwenye embe na jiwe likapita kando huambiwa na wenzake, "Umekosa!" Jioni, akiiba sukari ya mama, huambiwa neno hilohilo. Lugha yetu ilikwisha kuyafunga mambo mawili katika fundo moja, na mzee wetu alikuwa ameishi ndani ya fundo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Asiyekosa ana nini cha kuungama?

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 20 mstari wa 16, kina habari ya watu wa namna yake. Ni Wabenyamini mia saba wanaotumia mkono wa kushoto, ambao kila mmoja angeweza kurusha jiwe la kombeo kwenye unywele bila kukosa. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ndicho kile kinachotumika mahali pengine kwa maana ya kutenda dhambi. Mwandishi anawasifu, hilo ni wazi. Lakini rudi nyuma sura moja uone walikuwa wanampigania nani. Walisimama kuwalinda watu wa Gibea waliombaka mwanamke usiku kucha hadi akafa. Mikono mia saba isiyokosa ilikuwa imesimama upande wa kosa. Ustadi wa mkono hauulizi umekodiwa na nani.

Bonde letu linajua habari za risasi za aina mbili. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji, Wapogoro, Wangindo na Wambunga wa pande zetu za Ifakara wakiwamo, waliishambulia boma ya Mahenge wakiamini kuwa maji yatazishinda risasi. Bunduki za rashasha ziliwalaza chini. Aliyeshika rashasha hakuchagua uso. Alielekeza mtutu kwenye umati, na umati ukaanguka. Usiku akilala angeweza kujiambia kwamba ni mashine iliyofanya.

Risasi ya pili ni ile ya Beho Beho. Maji ya Kilombero yakikutana na ya Luwegu huwa Rufiji, na upande wa kaskazini wa mto huo, tarehe 4 Januari 1917, aliuawa Kapteni Frederick Courteney Selous, Mwingereza mwenye umri wa miaka 65. Tangu akiwa kijana wa miaka 19 alikuwa Afrika akiwinda tembo na kila mnyama mwenye pembe, na makumbusho ya London yamejaa mizoga aliyoipeleka. Mwaka 1890 aliwaongoza walowezi wa Cecil Rhodes kuingia Mashona. Vita vilipozuka alikuwa amepita umri wa jeshi, lakini aliomba hadi akakubaliwa. Mtu aliyeishi kwa kulenga alikufa kwa kulengwa. Mdunguaji wa upande wa Wajerumani alimpiga kichwani. Alizikwa palepale, na mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 4 Januari, mwanawe rubani aliuawa vitani. Kaburi la Beho Beho lina jina moja. Aliyefyatua hana bamba la jina pale, lakini tuna hakika kwamba yeye, kwa siku zote alizobakiwa nazo, alijua alichokiona kwenye mstari wa bunduki yake. Kwa muda mrefu pori lote lile liliitwa Selous. Tangu 2019 sehemu yake kubwa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, jina la amiri jeshi mkuu wa mzee wetu.

Tofauti hiyo ya risasi mbili ndiyo tuliyoipita bila kuiona chini ya mwembe. Askari wa mstari hujificha ndani ya wingi: tulipiga, tulisonga, tuliteka. Mlenga shabaha hana wingi wa kujificha. Yeye husema nilimwona, nikamchagua.

Ulimwenguni hakuna aliyelibeba jambo hili waziwazi kuliko Carlos Hathcock, askari wa kikosi cha Marines cha Marekani. Alizaliwa 1942 katika jimbo la Arkansas, akalelewa na bibi yake, na akiwa mtoto aliwinda sungura na kuchakulo ili nyumbani kuwe na kitoweo. Siku alipotimiza miaka 17 alijiunga na jeshi. Mwaka 1965 alishinda Kombe la Wimbledon, la bunduki, si la tenisi, ambalo hushindaniwa kwa kulenga shabaha iliyo yadi 1,000 mbele. Mwaka uliofuata alikuwa Vietnam. Jeshi lake lilithibitisha watu 93 waliouawa kwa mkono wake. Alivaa unyoya mweupe kwenye kofia, kama mtu anayewaambia maadui wamtafute.

Kilichotufanya tumkumbuke si idadi hiyo. Alipoulizwa baadaye, alieleza kwamba kulenga alikupenda, kuwinda alikupenda, lakini kuua watu hakukumfurahisha hata siku moja. Aliifanya kazi ile kwa sababu asipoifanya vijana wenzake wangekufa. Tarehe 16 Septemba 1969 gari la deraya alilopanda lilikanyaga bomu, na yeye, akiwa anaungua, aliwavuta wenzake saba kutoka motoni. Hakupata tena uwezo wake wa zamani. Aliwafundisha wengine shabaha, akapatwa na ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu taratibu, na mwaka 1979 jeshi lilimstaafisha kwa ajili ya afya, muda mfupi tu kabla ya kutimiza miaka ishirini ya utumishi. Alikufa 1999. Mkono uliokuwa hautikisiki uliishia kutetemeka. Wapo watakaosema hiyo ni hukumu. Sisi hatusemi hivyo. Tumewazika watu wengi wema waliotetemeka.

Swali basi ni hili: je, utulivu ule aliouonja Hathcock shabahani, na mzee wetu kabla ya kufyatua, ulitoka kwa Mungu? Tumelitafakari kwa muda mrefu, na tunathubutu kujibu kwamba ndiyo. Pumzi inayotii, jicho lisiloyumba, kidole kinachosubiri, hivi vyote ni kazi ya Muumba, sawa na koo la mwimbaji au mkono wa mkunga. Shetani hana kiwanda cha vipawa. Mbele ya karatasi yenye duara kipawa kile ni furaha isiyo na doa. Mbele ya mtu anayenawa uso ni kilekile, hakijabadilika hata kidogo, na hilo ndilo linalomtisha mwenye nacho. Angetamani mkono ungetetemeka ili ajue kwamba nafsi yake ilikuwapo.

Wakristo wa Kilutheri hatuwezi kulijadili hili bila kumsikiliza Luther. Mwaka 1526 aliandika kijitabu kujibu dukuduku la askari aitwaye Assa von Kram, aliyetaka kujua kama mtu wa kazi yake anaweza kuwa katika hali ya wokovu. Assa alikuwa ametoka katika Vita vya Wakulima. Mwaka mmoja nyuma Luther huyohuyo alikuwa amewahimiza wakuu wawapige wakulima wale bila huruma, na sisi, wakulima wana wa wakulima, maandishi yale tunayasoma kwa uchungu. Lakini kwa Assa aliandika kwa uangalifu zaidi. Alitenganisha kazi na mtu anayeifanya. Kazi ya kulinda inaweza kuwa njema kama ya tabibu anayekata mguu ili mwili upone, hata kama anayeifanya ni mwovu. Aliyejua kwa hakika kwamba bwana wake anapigana kwa dhuluma asimfuate, hata akipoteza kila kitu. Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 16, nalo linakubali kwamba Mkristo anaweza kuwa askari na kupigana vita vya haki.

Hayo ndiyo tuliyomwambia mzee, na hatukukosea. Tulichosahau ni mwisho wa kijitabu kile. Luther anampa askari sala ya kuomba kabla ya vita, na ndani yake askari anakiri kwamba, ingawa utii wake ni halali, hautegemei utii huo mbele za Mungu bali damu ya Kristo. Aliye na haki kamili ya kwenda vitani bado anakwenda akiomba rehema. Luther hakuona mgongano wowote. Sisi tuliuona, tukauondoa kwa kumwambia mtu kwamba hana kosa, na kwa kufanya hivyo tukamfungia mlango. Asiye na kosa utamsamehe nini? Alikuja kutafuta msamaha, tukampa udhuru.

Maandiko yana hekima hii mapema zaidi. Katika Hesabu 31:19, watu waliotoka katika vita vilivyoamriwa na Mungu mwenyewe wanaambiwa wakae nje ya kambi siku saba na kujitakasa, kila aliyeua mtu na kila aliyegusa maiti. Hawakushtakiwa. Walitakiwa wasipite moja kwa moja kutoka kwa maiti kwenda kwa watoto wao. Wazee wa makabila mengi ya nchi hii walilijua jambo hilo na walikuwa na dawa zao na siku zao za kutengwa kwa ajili ya aliyeua vitani. Tulipobatizwa tuliambiwa tuziache, nasi tukaziacha, lakini mahali pake hatukuweka kitu. Askari wa 1979 walirudi kwa ngoma na vigelegele. Jumapili walikaa kwenye mabenchi pamoja nasi, wakasema tumekosa pamoja na mtu aliyemtukana jirani yake.

Naye Daudi alikuwa mlenga shabaha. Jiwe moja la kombeo, paji la uso, adui chini (1 Samweli 17:49). Vita vyake vingi vilikuwa na kibali cha Bwana. Hata hivyo, katika 1 Nyakati 22:8 anaambiwa hatajenga nyumba ya Mungu kwa kuwa amemwaga damu nyingi. Hakukataliwa. Aliachiwa ufalme, zaburi, na ahadi ya uzao. Lakini kulikuwa na kazi moja ambayo mikono ile haikupewa, na hatujapata mfafanuzi wa Biblia anayelieleza jambo hili kwa namna inayoturidhisha.

Hilo ndilo lililotufanya tuelewe jambo jingine la mzee wetu. Mara mbili wakristo walimpendekeza awe mzee wa kanisa, na mara mbili alikataa. Wengine waliona ana maringo. Tulipokwenda kumwona baada ya zile Jumapili tatu, alitueleza. Mzee wa kanisa hushika vitu vitakatifu. Mkono wake wa kulia aliujua ulichofanya. Na kwa mkono wa kushoto, alisema, nani humpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto? "Nimebaki sina mkono, Mchungaji."

Safari hii hatukumwambia kuhusu Kyaka. Tulimwambia kwamba tulikosea, na kwamba Ungamo letu, kifungu cha 11, linaagiza ondoleo la dhambi la mtu mmoja mmoja lidumishwe makanisani, ingawa wachungaji wengi tumeliacha lilale kwa uvivu na haya. Neno lake lilikuwa la nafsi moja, na sisi tulikuwa tukimlazimisha kila Jumapili aliseme kwa wingi. Alisikiliza. Alituuliza kama mtu anaweza kuungama jambo ambalo, likirudi leo, huenda angelifanya tena. Ni swali gumu kuliko yote tuliyowahi kuulizwa katika huduma, pamoja na mitihani ya chuoni. Tulimjibu kwamba Mungu haombwi msamaha na watu waliokwisha kuzimaliza hesabu zao tu. Hatujui kama jibu hilo lingepata alama kwa mwalimu. Tunalisimamia.

Alikuja jioni moja, kanisa likiwa tupu, popo wameanza kutoka darini. Yaliyosemwa hayaandikwi. Tunaweza kusema tu kwamba yalichukua muda mrefu, na kwamba tuliweka mikono juu ya kichwa chake na kumtamkia msamaha kwa jina lake la ubatizo, yeye peke yake.

Jumapili iliyofuata, wakati wa maungamo, tulitega sikio upande wake. Hatukusikia kitu. Kwaya ya vijana ilikuwa imekaa mbele yake na wanasema kwa sauti kubwa. Uzee wa kanisa alipopendekezwa mara ya tatu alikataa tena, lakini safari hii kwa kicheko, akisema Daudi naye alimwachia Sulemani.

Mwezi wa tano tulipita shambani kwake mpunga ukiwa umeanza kuinama. Alikuwa juu ya dungu pamoja na wajukuu wawili, na kwelea walikuwa wakishuka makundi kwa makundi. Alikuwa na kombeo na rundo la vidongo vya udongo mkavu. Alizungusha mara moja, akaachia kwa mkono wa kulia. Kidongo kilipita juu ya mashuke na kuanguka hatua mbili kutoka kwa ndege, nao wakaruka wote kwa pamoja. Alirusha tena, kundi jingine, hatua mbili tena.

"Babu hampigi ndege," mjukuu mdogo alitueleza, kwa sauti ya mtu anayemsitiri mkubwa wake. "Anapiga pembeni."

"Umekosa, Mzee," tulimwambia.

Alicheka mpaka dungu likatikisika. "Hilo nalo uliandike, Mchungaji," alisema, akainama kuokota kidongo kingine.